Nani Anadaiwa Usalama wa Mbebaji wa Kalundu?

Kwenye bandari ya Kalundu, jirani na mji wa Uvira katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mzigo mwingi bado hupita mabegani mwa watu. Mbebaji wa simenti hufunga kitambaa puani, na akiulizwa habari ya hatari wengine hujibu kwa niaba yake kwamba Mungu ndiye mlinzi. Naiamini kauli hiyo. Ila ikitoka kinywani mwa mwenye mali, akimwambia anayembebea mali hiyo, huwa ni kukwepa deni kwa kutumia jina la Mungu. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, linamtaka ajengaye nyumba aweke ukingo juu ya paa, la sivyo atawajibika kwa damu ya atakayeanguka. Anayeamriwa hapo ni mwenye nyumba, wala si mgeni aliyepanda. Waislamu nao wanayo hadithi ya Mtume kumwagiza mtu amfunge kwanza ngamia wake, ndipo amtegemee Mungu. Ukristo na Uislamu, dini zinazoishi pamoja katika mji huu, hazikuona mgongano kati ya tawakali na tahadhari.

Na deni hilo halilipwi kwa kununua chochote kilicho rahisi sokoni. Kofia ngumu haisaidii mapafu. Vumbi la simenti ni laini mno, hupenya kitambaa. Likikutana na jasho huunguza ngozi. Kwa hiyo mbebaji anahitaji barakoa ya kuchuja vumbi inayoshika uso vizuri, glovu zisizopitisha maji, viatu visivyoteleza, na jaketi la kuelea anapopita juu ya maji. Hata hivyo vifaa ni kinga ya mwisho: mfuko wa kilo 25 badala ya 50 humwondolea mtu hatari ambayo hakuna glovu inayoizuia. Kuchagua vema, basi, ni kumtazama mtu huyu na kazi yake hii.

Wako wanaosema wabebaji wenyewe huvua vifaa kwa sababu ya joto, au huviuza. Ni kweli hutokea. Lakini anayelipwa kwa kila mfuko hupoteza chakula cha watoto kila kinapomchelewesha kifaa. Rekebisha malipo na mapumziko, umshirikishe katika kuchagua, kisha ndipo umlaumu. Pingamizi zito zaidi ni umaskini: mchuuzi mdogo wa Uvira, aliyepigwa na vita na mafuriko ya 2020, atoe wapi fedha? Gharama hiyo, hata hivyo, inalipwa tayari, na anayeilipa ni yule anayekohoa usiku. Sheria ya Kazi ya Kongo ya Oktoba 2002 inamdai mwajiri usalama, afya na heshima ya mfanyakazi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1981, unakataza kumtoza mfanyakazi gharama za kinga. Mchuuzi asiyeweza peke yake anaweza kuchanga na wenzake wanaoshushia mizigo gati moja.

Wachungaji, mapadri na mashehe wa Uvira, waambieni matajiri wanaokaa safu za mbele kwamba barakoa ya mbebaji ni deni lao, nao wailipe kabla ya sadaka.