Kutimiza Ahadi Si Kupungukiwa na Enzi

Bismillahi Rahmani Rahim.

Wako watu wasemao ya kwamba dola iliyo huru haifungwi na neno la mtu wa nje, na kwamba sheria ya mataifa ni kamba shingoni mwa mwenye enzi. Kauli hii ina sura ya haki, lakini yataka kupimwa.

Mwaka 2010 Ufaransa ilitunga sheria ya kukataza kufunika uso mahali pa watu wote, na avaaye nikabu hutozwa faini. Wanavyuoni wamekhitalifiana kama kufunika uso ni wajibu. Lakini hilo si la serikali kuliamua. Na Ufaransa, kwa khiari yake, iliingia mwaka 1980 katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao kifungu chake cha 18 chamhifadhia kila mtu haki ya kuidhihirisha dini yake, wala hazuiliwi ila kwa sheria na kwa haja ya usalama, utaratibu, afya, tabia njema, au haki za wengine.

Mwaka 2014 Mahakama ya Ulaya iliyoko Strasbourg, ikiutazama mkataba wa Ulaya, iliipa Ufaransa haki. Mwaka 2018 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikaona kinyume chake, ya kuwa wanawake wawili waliotozwa faini wamevunjiwa haki zao. Na Kamati hiyo haina askari wala jela.

Basi ni kitu gani kimfungacho mwenye enzi? Ni neno lake. Aliyetia mkono kwa khiari hakunyang'anywa enzi, ameitumia. Mtume, sallallahu alayhi wasallam, pale Hudaibiya mwaka 6 wa Hijra, alikubali neno Rasulullah liondolewe katika mkataba. Na Abu Jandal alipomjia na minyororo yake, alimrudisha kwa Makureshi. Masahaba iliwauma, wala enzi ya Mtume haikupungua. Walioivunja ahadi ndio walioikosa Makka.

Na mizani hii haina upande mmoja. Dola nyingi za Kiislamu zimeingia katika mkataba uo huo. Muislamu amlaumuye Mfaransa kwa nikabu, kisha akanyamaza Mkristo anapozuiliwa kanisa katika dola hizo, hatetei haki. Atetea jamaa zake tu. Atakaye ahadi itimizwe kwake, naye aitimize kwa mwenziwe.

Wallahu aalam.