Nani Amfundishe Mwalimu wa Sanaa?

Siku moja, tukiwa safarini, tulipita katika shule ya msingi iliyo mbali na mji. Mwalimu mmoja, mama wa makamo, alitukaribisha darasani mwake. Mezani palikuwa na vyungu vidogo vilivyofinyangwa na watoto kwa udongo wa kichuguu, na ukutani palibandikwa picha zilizochorwa kwa mkaa. Tulimsifu. Lakini yeye hakufurahi kama tulivyotazamia.

"Padri, msinisifu," alisema. "Somo hili nimepewa kwa sababu wenzangu walinisikia nikiimba kwaya. Kuimba najua kidogo, na noti za solfa nazisoma. Lakini kuchora sikufundishwa, kufinyanga sikufundishwa, wala kuigiza sikufundishwa. Vyungu hivi vikikauka hupasuka, nami sijui kwa nini. Watoto wakiniuliza, nawaambia ni bahati mbaya. Sasa niambieni: nikifundisha jambo nisilolijua, kosa ni la nani?"

Hatukuwa na jibu papo hapo. Tulimwaga tukaenda zetu, lakini swali lile halikutuacha njiani, wala halijatuacha mpaka leo. Ndiyo sababu twaliweka mbele yenu, wasomaji wapenzi, ninyi wazazi mnaowapeleka watoto wenu kwa walimu kama huyu kila asubuhi.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba mama yule hakujitwisha kazi hiyo mwenyewe. Mtaala mpya wa elimu ya msingi wa Tanzania, uliotolewa mwaka 2023 ukaanza kutumika mwaka 2024, umeliweka somo la Sanaa na Michezo katika orodha ya masomo. Wala wazo lenyewe si geni. Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere, mara alipokuwa Rais, aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akitaka watu waone kwamba taifa lisilojua ngoma zake na kazi za mikono yake halijakamilika. Mataifa ya dunia nayo yamekutana chini ya UNESCO kuzungumza juu ya elimu ya sanaa, huko Lisbon mwaka 2006, huko Seoul mwaka 2010, na huko Abu Dhabi mwaka 2024, na mafunzo ya walimu hayakukosa kutajwa. Basi kwamba sanaa ifundishwe, hilo limekwisha kukubaliwa. Lililobaki ni nani ampe mwalimu elimu na vifaa vya kuifundishia, na kwa fedha ya nani.

Wako wasemao: "Nchi yetu bado ni maskini. Madawati hayatoshi, vyoo havitoshi, walimu wa hesabu na sayansi hawatoshi. Fedha ya kumpeleka mwalimu kujifunza kuchora itoke wapi?" Neno hili halitoki katika mioyo mibaya, wala hatupendi kulidharau. Mzazi mwenye shilingi chache hununua unga kabla ya kununua kitambaa cha meza.

Lakini hebu tujiangalie sisi wenyewe. Mgeni mkubwa akija kufungua darasa jipya, ni nani tunaowaita wamlaki? Ni watoto wa kwaya na wa ngoma. Yakija mashindano ya UMITASHUMTA, shule hutaka kikombe, na mkuu wa shule humwendea mwalimu wa sanaa akimsihi. Siku hiyo hakuna asemaye kwamba sanaa ni anasa. Mgeni akiondoka, ngoma hurudishwa stoo, na mwalimu akiomba nauli ya kwenda mafunzoni huambiwa fungu hakuna. Kutaka matunda ya mti na kuunyima maji si uhaba wa fedha tu. Ni ukosefu wa haki. Kama kweli hatuwezi kulibeba somo hili, tuseme wazi, tuliondoe. Lakini tukiliacha katika ratiba, tumejiwekea deni, na deni ni la kulipwa.

Tena tusidhani kwamba mtoto anayefinyanga anacheza tu. Anapoukanda udongo anajifunza kusubiri. Anapochora mbuzi anajifunza kumtazama mbuzi, na wengi wetu tumechunga mbuzi miaka mingi bila kumtazama sawasawa. Anapoimba sauti ya pili hujifunza jambo ambalo hata wazee wengi hawajalijua: kushika neno lake mwenyewe bila kulizima neno la jirani yake.

Wengine husema: "Msanii huzaliwa, hafunzwi. Mwenye kipaji atajua mwenyewe." Hawa nao wameona nusu ya kweli. Kipaji ni zawadi, wala hakuna chuo kiwezacho kukigawa. Lakini kipaji peke yake hakikuzuia vyungu vya watoto wale kupasuka. Chungu hupasuka kwa sababu zinazojulikana: udongo haukuchanganywa na mchanga au vigae vilivyosagwa, kuta zake hazikulingana unene, au ulianikwa juani ukakauka upesi mno. Hayo si bahati mbaya. Ni elimu, na elimu hupokewa kutoka kwa mtu aliye nayo.

Historia ya Afrika Mashariki yenyewe yatushuhudia. Katika miaka ya 1930, Mama Margaret Trowell alianza kufundisha wanafunzi wachache wa Makerere uchoraji barazani kwa nyumba yake. Hapakuwa na jengo wala fungu kubwa. Lakini katika shule iliyokua kutoka baraza lile alisoma Sam Ntiro wa Kilimanjaro, ambaye baadaye alipelekwa kusoma zaidi katika chuo cha Slade huko London, akarudi kufundisha wengine, kisha akawa Balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza. Huko Makerere alisoma pia Elimo Njau wa Marangu, aliyechora picha kubwa za ukutani katika kanisa la Murang'a mwaka 1959, na mwaka 1965 akawa mmoja wa walioanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa mjini Nairobi, mahali pa vijana kujifunzia. Hebu tuhesabu: mwalimu mmoja aliyepewa nafasi, na wangapi wamekula matunda yake!

Wako wa tatu, nao ndio tunaowaogopa zaidi, kwa maana maneno yao yafanana na busara. Husema: "Mwalimu akitaka kujiendeleza, ajilipie mwenyewe. Si atapata cheti? Si atapanda daraja?" Hapa inatubidi tutenganishe mambo mawili. Mwalimu akitafuta shahada kwa ajili ya kuinua cheo chake, ni sawa abebe sehemu ya gharama, maana faida ni yake. Lakini akitafuta elimu inayomwezesha kufanya kazi aliyokwisha kupewa, faida ya kwanza ni ya watoto, na mwenye kumpa kazi ndiye mwenye wajibu. Tajiri akimwajiri mtu kulima, hamwambii akajinunulie jembe kwa mshahara wa mwezi ujao. Na hata akifanya hivyo, watu wa kijiji watamsema.

Twajua kwamba siku hizi serikali ina mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, uitwao MEWAKA, ambao kwa huo walimu hukutana shuleni kwao na katika vituo vya walimu, wakafundishana. Ni mpango mzuri, tena hauna gharama kubwa. Walimu watano wa hesabu wakiketi pamoja, mmoja atakuwa amelielewa lile ambalo wanne hawakulielewa. Lakini penye shule ambayo hata mwalimu mmoja hakujifunza kuchora, watafundishana nini? Kipofu akimwongoza kipofu mwenzake, wote wawili watatumbukia shimoni. Kwa somo hili hapana budi mtu atoke nje akachote, au mwenye maji aletwe ndani.

Mahali pa kuchota papo. Kiko Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, ambacho kwa miaka mingi kimejulikana kwa kuwafundisha walimu muziki, sanaa na michezo. Iko taasisi ya Bagamoyo, iliyoanzishwa kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981 na kuitwa TaSUBa tangu mwaka 2007. Kipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mjini humo ipo Nafasi Art Space, ambako wachoraji hufanya kazi na kufundishana tangu mwaka 2008. Lakini mwalimu wa kijijini atafikaje huko, akiwa na watoto wanne nyumbani na vipindi thelathini kwa juma?

Wengine watatuelekeza kwenye Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, ambao miaka hii ya karibuni umekuwa ukitoa mikopo kwa wasanii. Twausifu. Lakini mkopo ni dawa ya ugonjwa mwingine. Mwenye bendi akikopa anunue vyombo, atapiga muziki, atalipwa, naye atarudisha. Mwalimu hauzi nyimbo za wanafunzi wake. Faida yake itaonekana baada ya miaka ishirini, katika kijana aliyejua kutumia mikono na macho yake, na hakuna benki ingojayo rejesho la namna hiyo. Kwa hiyo mwalimu huhitaji ruzuku: nauli, chakula, ada ya majuma matatu wakati wa likizo, na rangi za kurudi nazo shuleni. Si mali nyingi.

Na wafadhili wa ng'ambo je? Tusiwakatae, wengi wametenda mema. Lakini tujifunze kwa yaliyotokea Unguja. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichoanza mwanzoni mwa karne hii katika Mji Mkongwe, kimewafundisha vijana wengi udi, kanuni na taarabu. Kilitegemea sana msaada wa nje, na wanafunzi wengi hawakuweza kulipa hata ada ndogo. Wafadhili walipopungua, mwaka 2019 chuo kile kilikaribia kufunga milango yake. Waliotoa hawakufanya dhambi kwa kuacha; mkono ni wao. Kosa lilikuwa letu, tuliosikiliza taarabu ile bure miaka yote ile bila kujiuliza nani analipia nyuzi za udi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Tena fedha ya kuombwa kwa barua ndefu humwendea ajuaye kuandika barua ndefu. Mwalimu wa mjini huona tangazo mapema, hujaza fomu, huitwa. Mama yule wa vyungu hasikii lolote. Na mara nyingine, aibu kubwa zaidi, nafasi ya semina humwendea mtu asiyefundisha somo lenyewe kabisa, kwa sababu kuna posho. Hurudi na begi jipya na daftari tupu. Anayefanya hivyo asidhani amemwibia mfadhili, amewaibia watoto.

Sasa twarudi kwenye swali: kosa ni la nani?

Twajibu kwamba mwalimu anayefundisha asichokijua kwa kuwa hakufundishwa, hana kosa, maadamu anasema ukweli na anatafuta. Kosa lake huanza pale anapowaambia watoto kwamba ni bahati mbaya. Afadhali aseme: "Sijui, lakini tutamtafuta ajuaye." Neno hilo peke yake ni somo kubwa. Walio juu yake, wenye kupanga somo bila kupanga fungu, wao wana kosa, kwa sababu wanajua. Na sisi wazazi tuna kosa letu, maana tumezoea kuuliza alama za hesabu tu, wala hatujapata kumwuliza mtoto leo ameimba nini.

Twashauri mambo matatu. Halmashauri zitenge fungu dogo kila mwaka kwa walimu wa masomo ya sanaa, litajwe kwa jina lake, lisimezwe na mafungu mengine. Vyuo vifungue milango wakati wa likizo kwa kozi fupi, na kila mwalimu atakayelipiwa awafundishe wenzake wa kata nzima arudipo, na kutoa hesabu ya fedha mbele ya kamati ya shule. Na kamati za shule zisingoje Dodoma. Katika vijiji vyetu wamo mafundi. Akina mama wa Kikisi huko Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, wamerithishana ufinyanzi tangu kwa bibi zao, na vyungu vyao huuzwa sokoni Matema. Hukwe Zawose wa Ugogo, fundi wa zeze na marimba aliyefariki mwaka 2003, alijifunza sanaa yake nyumbani, na Bagamoyo walimpokea akawa mwalimu. Fundi kama hawa akialikwa shuleni siku mbili, alipwe ujira wake kama mtu wa maarifa, asipewe soda na asante tu. Mwalimu ataketi pamoja na watoto kujifunza, wala hatapungukiwa na heshima.

Mama yule tulimwandikia barua. Tulimwambia yaliyo hapo juu, tukamweleza na habari ya mchanga na kivuli. Alijibu kwa maneno machache. Karibu na shule yake, alisema, yuko bibi mmoja mzee mfinyanzi, ambaye amepita mbele ya darasa lile kila siku ya soko, na hakuna mtu aliyewahi kumwita aingie. Kamati ya shule ilikuwa bado haijaamua kama patapatikana fedha ya kumlipa.