Kiasi cha Kilicho Chema

Je, kitu chema kikizidi, wema wake nao huzidi? Wengi wetu hujibu ndiyo bila ya kufikiri. Nakuomba, msomaji, tulipime jibu hilo kwa mfano wa viumbe wadogo kabisa.

Mahali panapokusanywa maji machafu ya mji hutoka hewa yenye harufu ya mayai viza. Mwaka 1957 Richard Pomeroy, huko Marekani, alipewa hataza ya njia ya kusafisha hewa kama hiyo kwa kuipitisha katika udongo wenye bakteria. Leo machujio ya namna hiyo hujazwa mboji, vibanzi vya mti au mawe mepesi, yakawekwa katika hali ya unyevu, na hewa mbovu ikasukumwa ndani kwa feni. Juu ya kila kibanzi bakteria hujenga utando mwembamba wenye kuteleza. Hewa ipitapo, uchafu wake huyeyuka katika utando huo, na bakteria huula. Kinachotuchukiza sisi ndicho riziki yao.

Lakini riziki huleta uzazi. Utando hunenepa, hata nafasi zilizo kati ya vibanzi zikazibika. Feni hulemewa, hewa hukimbilia penyo chache zilizosalia, ikatokea upande wa pili na harufu yake. Katika utando mnene, bakteria wa ndani hawafikiwi na oksijeni: wameshika nafasi, wala kazi hiyo hawaifanyi. Hapana adui aliyeingia. Chujio limezibwa na watumishi wake wenyewe.

Haba na haba hujaza kibaba, wasema wazee. Ni kweli, lakini kibaba kina ukingo, na apimaye nafaka hujua kwamba kinachopita ukingo humwagika.

Basi watunzaji wa machujio hufanyaje? Wengine hupunguza naitrojeni na fosforasi, ili bakteria waishi pasipo kuongezeka upesi. Wengine huvikoroga vibanzi au huviosha kwa maji mengi. Tena wako protozoa, ambao hula bakteria na kupunguza unene wa utando. Hata hivyo, aoshaye kwa ukali mno huwapoteza wafanyakazi wake, akangoja mpaka waote tena, na wakati huo harufu huwaendea majirani. Kung'oa si dawa ya kuzidi. Dawa yake ni kiasi.

Labda utauliza: ni haki kumzuia mtumishi mwema asikue? Bakteria hajui kwa nini amewekwa chujioni, kwa hiyo lazima azuiwe na mwingine. Binadamu anaweza kuijua kazi yake na kujizuia mwenyewe. Hiyo ndiyo heshima yake. Mtazame mwanafunzi aliyechaguliwa kuongoza chama cha shule. Ana bidii, ana moyo safi. Lakini hushika kila kazi kwa mikono yake, akanena katika kila mkutano, hata wenzake wakakosa pa kuanzia. Hakutenda ubaya wowote, lakini chama kimekufa mikononi mwake.

Wema wa jambo, basi, haupimwi kwa ukubwa wake, bali kwa kazi ambayo kwayo lilianzishwa. Utakapopewa madaraka, usijiulize tu kama unakua. Jiulize pia kama umeacha nafasi hewa ipite.