Aliyechora na Atakayepanda

Ndugu msomaji, hebu nikuulize swali kabla hatujafika mbali. Mtu akichora kitu, mwingine akakijenga, wa tatu akakipanda kikamuua, mwenye dhambi ni nani? Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, na ndiyo sababu naandika haya.

Mimi ni mwandishi, au tuseme natamani kuwa mwandishi. Nina muswada wa riwaya chini ya godoro, pembe zake zimeliwa na mende. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja yalivyokuja, nikabaki mtaani. Shule iliniachia kitu kimoja cha maana: uchoraji wa kiufundi. Nawachorea watu ramani za vibanda na vyumba vya uani, napata hela ya karatasi na chai.

Sasa, nina mshikaji wangu, fundi mashine pale Feri, Dar es Salaam. Huyu bwana anapenda mwendo kama wengine wanavyopenda mpira. Siku moja akanijia na picha za boti za mashindano, zile ambazo ukizitazama kwa mbele zina miguu miwili, kulia na kushoto, na katikati pako wazi kama handaki. Akasema, "Mashine ninayo, ya nguvu farasi arobaini. Plaiwudi nitanunua. Wewe nichoree ramani tu."

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, maana kitu chenyewe kilinishika. Nilitafuta kila kilichoandikwa juu ya boti hizi nikasoma usiku na mchana. Miaka ya 1960 na 1970 wajenzi kama Angelo Molinari wa Como, Italia, ndio waliozipa sifa. Boti ikikimbia, upepo unaingia kwenye lile handaki, unabanwa kati ya mbao na maji, unainyanyua boti. Inabaki ikigusa maji kidogo tu, na kwa sababu maji ndiyo yanayovuta nyuma, boti inaruka mbele kama imefunguliwa kamba.

Lakini upepo huo huo ndio muuaji. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kunyanyua inaongezeka mara nne. Omo ikiinuka kidogo, upepo mwingi zaidi unaingia chini, omo inainuka zaidi, na kabla dereva hajasema "mama" boti imepinduka kinyumenyume. Kinga kubwa ya mchoraji ni kuuweka uzito mahali pake: mashine, mafuta, kiti cha dereva. Kitovu cha uzito kikirudi nyuma mno, umemchimbia mtu kaburi kwa penseli.

Nilichora majuma matatu. Urefu mita 4.20, upana mita 1.80. Nilipiga hesabu ya kitovu cha uzito nikapata mita 1.41 kutoka tezi. Nikaweka alama ya msalaba kwa wino mweusi. Wallahi ramani ilipendeza! Mshikaji aliibusu. Siku ile ile akaitoa fotokopi tatu.

Nilitaka sifa zaidi, nikaipeleka pwani ya Kunduchi kwa mzee mmoja fundi wa mashua. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akavaa miwani, akaitazama ramani kwa muda mrefu. Mafundi wa pwani yetu wamejenga majahazi na mashua kizazi hata kizazi bila karatasi. Ramani yao iko machoni na mikononi. Nilidhani atashangaa. Akaweka kidole juu ya ule msalaba wangu.

"Mwanangu, hii umeijuaje?"

"Kwa hesabu, mzee."

"Mashine ina uzito gani?"

"Kilo 50."

"Mliipima?"

Nikanyamaza. Hatukuipima. Kilo 50 niliziandika kwa sababu zilionekana kama kilo ambazo mashine inaweza kuwa nazo. Mzee akavua miwani. Akasema, "Mimi nikikosea ubao, nauona umekosea, naung'oa. Wewe ukikosea, nani ataona? Mstari wako wa kweli na mstari wako wa kubahatisha vyote vimenyooka."

Ndugu msomaji, maneno hayo yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Hesabu yangu haikuwa na kosa, kujumlisha nilijumlisha vizuri. Lakini nilikuwa nimejumlisha mambo ya kubuni, kisha nikayavika wino.

Nilipomweleza mshikaji, alikasirika. "Wewe vipi? Mbio ni hatari, kila mtu anajua. Mimi ni mtu mzima, nimekubali mwenyewe. Roho ni yangu!"

Hoja yake si ya kipuuzi. Nilikaa nayo siku kadhaa. Ni kweli kwamba mtu ana haki juu ya shingo yake. Mfikirie Ken Warby wa Australia. Huyu aliibuni na kuijenga boti yake, *Spirit of Australia*, mwenyewe, kwa mbao na plaiwudi, nyuma ya nyumba yake huko Sydney, akaipachika injini ya ndege iliyouzwa kwa bei ya kutupa. Tarehe 8 Oktoba 1978, katika bwawa la Blowering, alikwenda kilomita 511 kwa saa, akaweka rekodi ya dunia majini. Mpaka anafariki mwaka 2023 hakuna aliyeivunja. Walijaribu: Lee Taylor alikufa mwaka 1980, Craig Arfons akafa mwaka 1989. Warby alikuwa mchoraji, fundi na dereva kwa pamoja. Kila namba aliyoibahatisha aliikalia mwenyewe. Nani wa kumlaumu?

Lakini mimi siendi kukaa kwenye kiti kile. Hapo ndipo tofauti ilipo. Mshikaji amekubali hatari ya bahari, amekubali hatari ya mwendo. Hajakubali hatari ya uvivu wangu, kwa sababu hakuambiwa kuwa upo. Mtu hawezi kukubali asichokijua. Ukimwuzia mtu embe ukamwambia lina mdudu, akala, hiyo ni juu yake. Ukiligeuza upande mzuri ukanyamaza, usiniambie alichagua mwenyewe.

Utasema: basi tusubiri hadi tujue kila kitu? Hapana. Tukifanya hivyo hakuna atakayechora hata meza. Warby naye hakujua yote, alipandisha mwendo hatua kwa hatua, akiitazama boti inavyojibu. Na hata mchoro wa wataalamu una mpaka wake. Donald Campbell, Mwingereza, alikuwa na *Bluebird K7*, kazi ya ndugu wawili mahiri, Ken na Lew Norris. Mwaka 1955 boti ile iliweka rekodi ya kilomita kama 325 kwa saa. Baadaye ikapewa injini yenye nguvu zaidi. Tarehe 4 Januari 1967, katika ziwa Coniston, ikapita kilomita 480 kwa saa, ikainuka, ikapinduka kinyumenyume, Campbell akafa. Mabaki ya boti na ya mwenyewe yalitolewa majini mwaka 2001. Simlaumu mtu hapo. Nasema tu kwamba karatasi ina mwendo wake ambao imeapa kuubeba, ukizidi huo karatasi haikujui.

Kwa hiyo kosa langu halikuwa kukisia. Binadamu hukisia. Kosa langu lilikuwa kuufanya ubahatishaji ufanane na ujuzi, kwa sababu nilipenda kuonekana najua.

Mwishowe tuliibeba mashine hadi kwenye mizani ya samaki pale sokoni. Watu walitucheka sana, mmoja akauliza kilo bei gani. Mshale ukasimama kwenye kilo 74. Nilikaa chini na kalamu pale pale. Kile kitovu kilirudi nyuma sentimeta 14 nzima, upande ule ule wa kupindua. Nilimwonyesha mshikaji. Hakusema kitu. Aliutazama ule msalaba mweusi mzuri, akautazama mshale wa mizani, kisha akaninunulia chai.

Sasa nachora upya. Kiti kimesogea mbele. Kando ya kila namba nimeandika "imepimwa" au "imekisiwa". Uzito wa bodi, kwa mfano, umekisiwa, maana bodi bado haijajengwa. Tutaipima ikisimama, kabla haijagusa maji. Ramani imekuwa na madoa kama daftari la mtoto wa darasa la pili. Mshikaji analalamika kuwa haipendezi, ila anaisoma yote.

Nilidhani habari imeishia hapo. Lakini usiku mmoja nilivuta muswada wangu chini ya godoro. Kuna sura ya mama anayefiwa na mtoto. Wote walionisomea wameisifu. Mama yangu alifiwa na mtoto kabla sijazaliwa mimi, na sijawahi kumwuliza hata neno moja. Huzuni yote iliyomo mle niliibuni kwa sababu ilionekana kama huzuni ambayo mama anaweza kuwa nayo. Kilo 50. Mtaniambia hadithi haiui mtu. Labda. Lakini atatokea mama mmoja atakayeipanda sura ile akitumaini itambeba, na mimi sitakuwepo kumwambia kuwa sikupima. Sisemi tusibuni, jamani, kubuni ndiyo kazi yetu. Nasema kuna mambo ambayo mizani yake iko chumba cha pili, na hatuendi kwa sababu ya woga au uvivu. Mimi bado sijaenda. Naandika hapa ili niaibike niende.

Limebaki moja. Zile fotokopi tatu. Ya kwanza tuliichana. Ya pili tuliipata kwa kijana wa gereji, akatupa bila ubishi. Ya tatu mshikaji alimpa jamaa mmoja aliyekuwa akisafiri kwenda Tanga, mtu wa kukutana naye bandarini tu, jina lake kamili halijui. Tumeuliza kwa madereva wa basi, tumeuliza kwa wavuvi. Hakuna.

Kwa hiyo mahali fulani ipo ramani nzuri, safi, yenye msalaba mweusi kwenye mita 1.41. Kama unaishi pwani ya kule na umeiona, tafadhali, iandike juu yake kwa herufi kubwa: HAIKUPIMWA.