Wajibu wa Mwelekeza Njia

Njia ina maisha mawili. Ya kwanza ni ardhi ikanyagwayo na nyayo. Ya pili ni maneno atajiwayo mtu asiyeijua. Ardhi ikiharibika, mpita njia huona kwa macho yake akajihadhari. Maneno yakiwa na kasoro, haoni kitu mpaka amekwisha kupotea, na aghalabu aliyeyasema yu mbali, amekaa salama nyumbani kwake. Kwa sababu hiyo kuelekeza njia si jambo la maarifa peke yake. Ni jambo la haki pia. Swali la insha hii ni hili: mtu amwandikiaye njia mwenziwe asiyemwona, atakayeifuata katika nchi ambayo mwandishi haijui, ana wajibu gani kwake?

Swali hili ni la kale, lakini limezaliwa upya ndani ya kompyuta. Kila faili katika kompyuta lina mahali pake. Hukaa katika folda, na folda hiyo katika nyingine, mpaka kufika kwenye asili ya zote iitwayo mzizi. Programu itakapo kulifikia faili hutaja folda hizo moja baada ya moja, na orodha hiyo ya majina huitwa njia. Kama wanadamu wangalikubaliana namna moja ya kuitaja, jambo hili lisingalistahili insha. Hawakukubaliana. Mfumo wa Unix, ulioanza mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Marekani, hutenga majina kwa mkwaju, yaani /, na huweka vitu vyote chini ya mzizi mmoja. Mfumo wa MS-DOS ulipopata folda katika toleo lake la pili, mwaka 1983, ulikuta mkwaju umekwisha kupewa kazi nyingine katika amri zake. Ukachukua mkwaju wa kinyume, yaani \. Windows ikarithi desturi hiyo, pamoja na ile ya kuipa kila diski herufi yake, kama C:. Kompyuta za Macintosh za zamani zilitenga majina kwa nukta mbili. Tena Linux, ifuatayo nyayo za Unix, hutofautisha herufi kubwa na ndogo, hata Tabora na tabora zikawa folda mbili. Windows kwa kawaida huziona kuwa moja.

Katika hao hapana aliyefanya uovu. Kila mmoja alijenga nyumba yake kwa kadiri ya haja yake na urithi wake. Uovu, kama upo, huanza pale mwenye nyumba anapodhani kuwa milango yote duniani hufunguka upande ufungukao wake.

Tuchukue mfano mdogo. Mwanafunzi wa Tabora aandika programu kwa lugha ya Python, na ndani yake ataja folda yake hivi: "C:\tabora". Yeye huona jina la mji wake. Python haioni hivyo. Katika maandishi yake, mkwaju wa kinyume ukifuatwa na herufi t ni ishara ya kuacha nafasi tupu. Basi herufi ya kwanza ya mji humezwa, na programu huenda kutafuta mahali ambapo jina lake ni nafasi tupu na "abora". Akiandika "C:\unyanyembe" mambo huwa mazito zaidi, maana mkwaju wa kinyume na herufi u huahidi tarakimu nne baada yake, na ahadi hiyo isipotimizwa programu hukataa hata kuanza. Ziko namna za kuuepa mtego huo. Lakini aliyeuepa bado hajamfaa mwenziwe mwenye kompyuta ya Linux, ambaye kwake hakuna C: hata kidogo. Programu ikifika huko husema faili halipo. Faili lipo, lisilokuwapo ni ua wa mwandishi.

Mji huo wa Tabora watufaa kwa mfano kuliko jina lake tu. Njia ya misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, ikaendelea mpaka Ujiji katika ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Na kutoka Unyanyembe tawi jingine lilielekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Mzizi wa njia hii ulikuwa wapi? Mfanyabiashara wa pwani alianza kuhesabu Bagamoyo. Lakini Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kuifikia bahari kwa miguu yao kabla wafanyabiashara wa pwani hawajaweka makazi Unyanyembe. Kwao mwanzo ulikuwa nyumbani, na bahari ndiyo ilikuwa ugenini. Na mateka aliyefungwa minyororo katika njia iyo hiyo, mzizi wake ulikuwa kijiji alichonyang'anywa. Hapana aliyemwuliza yeye huhesabu kutoka wapi.

Hata majina hayakuwa mamoja. Burton na Speke, walipofika mwezi wa Novemba 1857, waliuandika mji huo kwa jina la Kazeh. Wengine walitaja Unyanyembe, ambalo ni jina la nchi. Sisi twasema Tabora. Mahali ni pale pale, na majina yote matatu yalikuwa sahihi katika kinywa cha aliyeyatumia. Asiyejua hayo hudhani asoma habari za miji mitatu.

Mwaka 1871 njia hii ilitoa fundisho kubwa zaidi. Stanley alikuwa Unyanyembe, akitaka kwenda Ujiji. Njia iliyozoewa ilipita magharibi, katika nchi zilizokuwa chini ya mkono wa Mirambo, na vita baina ya Mirambo na Waarabu wa Tabora viliifunga. Stanley aliingia vitani pamoja na Waarabu, nao wakashindwa. Mwezi wa Septemba aliondoka kuelekea kusini, akazunguka, akafika Ujiji mwezi wa Novemba. Ujiji haikuhama, njia ndiyo iliyohama. Kutaja mahali ni jambo moja, na kutaja namna ya kupafikia ni jingine, na mwenye busara hayachanganyi. Kirangozi, aliyetangulia mbele ya msafara, alilijua hilo. Alishika mwisho wa safari moyoni, na juu ya kila kivuko aliwauliza wenyeji. Naye alikuwa na sababu nzuri ya kuuliza, kwa kuwa kosa la njia halikulipwa na aliyechora ramani; lililipwa na hamali mwenye mzigo begani, kwa kiu yake na kwa siku zake.

Yupo atakayesema: dawa ni nyepesi, watu wote walazimishwe kufuata desturi moja. Hoja hii ina mvuto, nami siidharau. Lakini huficha swali la desturi ya nani. Litazame neno hongo. Zama za misafara hongo ilikuwa ushuru ambao msafara uliutoa kwa mtemi ili upite kwa amani katika nchi yake. Wasafiri wa Ulaya waliulalamikia sana katika vitabu vyao, kana kwamba nchi haikuwa na mwenyewe. Leo neno lilo hilo lina maana ya rushwa, na kijana asomaye habari za kale kwa maana ya leo atawahukumu watemi kwa kosa wasilolifanya. Desturi ya mwenyeji humwudhi mgeni, lakini kuudhika kwa mgeni si ushahidi kuwa mwenyeji amekosa.

Lugha ya Python ilichagua jibu jingine. Tangu toleo la 3.4, mwaka 2014, ina maktaba iitwayo pathlib, na adabu yake yastahili kuangaliwa. Mwandishi hutaja sehemu za njia tu, Unyanyembe kisha Kwihara. Alama ya kuzitenga huwekwa na mashine ya mwenyeji kwa desturi yake, mkwaju kwa Linux na mkwaju wa kinyume kwa Windows. Akitaka kujua nyumbani kwa mtumiaji ni wapi, haagizi. Huuliza, na kila mashine hujibu kwa ukweli wake. Tena maktaba hiyo hutofautisha njia ya kutembelewa na njia ya kuzungumzwa tu. Aliye katika Linux aweza kuichambua njia ya Windows, kuitenga na kuiunganisha, bila ya kudai kwamba amefika huko. Laiti waandishi wengi wa habari za safari wangaliijua tofauti hiyo.

Iko kanuni moja katika maktaba hiyo ambayo yanishughulisha zaidi ya nyingine. Ukiunganisha njia na sehemu ianzayo na mzizi, yote yaliyotangulia hufutwa: Bagamoyo ikiunganishwa na /Ujiji hubaki /Ujiji peke yake. Kwa kompyuta hiyo ni kanuni ya haki, maana njia kamili haihitaji utangulizi. Baina ya watu ni hatari. Mtu asemaye daima kutoka katika mzizi wake mwenyewe hufuta safari ya msikilizaji, pahali alipotoka na alipofika, bila ya kujua kuwa amefuta kitu.

Hata hivyo tusikipe chombo sifa isiyo yake. Maktaba haijui nia ya mwandishi. Folda ikiitwa Tabora naye akaandika tabora, Windows itampitisha na Linux itamkatalia. Akiliita faili nul au con, Linux italipokea, na Windows italikataa kwa sababu majina hayo yamewekwa kwa kazi nyingine tangu zamani. Chombo hupunguza makosa; wajibu hubaki kwa mtu.

Na wajibu huo una mpaka gani? Si haki kumdai mwandishi azijue nchi zote. Kwamba njia ya Ujiji itafungwa na vita, mwelekezaji aliyeko Bagamoyo asingaliweza kulijua. Lakini mambo matatu yamo katika uwezo wake, naye aweza kudaiwa. Asiifanye nyumba yake kuwa kipimo cha nyumba zote. Aseme wazi yale aliyoyachukua kuwa kweli, ili mfuasi ajue wapi pa kutia shaka. Na kabla hajaituma kazi yake, aijaribu katika nyumba ya mwingine. Huyo mwingine hana njia ya kujitetea, kwa sababu ujuzi wote uko upande wa atumaye, na hasara yote iko upande wa apokeaye. Panapo mgawanyo wa namna hiyo, uzembe si kasoro ndogo ya kazi. Ni dhuluma, hata kama dhalimu hakuikusudia wala hatamwona kamwe aliyemdhulumu.

Basi mwanafunzi ajifunzaye kuunganisha sehemu za njia asidhani afundishwa alama tu. Afundishwa namna ya kumheshimu mtu asiyekuwapo. Wasomi tumezoea kuiita kazi hiyo ndogo, kwa kuwa ikifanywa vema haionekani: faili hufunguka, na mgeni hupita bila ya kujua kuwa alifikiriwa. Sioni sababu ya kuiona ndogo. Amwelekezaye mtu vema hana shukrani ya kungojea, maana aliyefika salama hana la kurudi kuuliza.