Agano Linapokumbukwa na Mmoja

Wapendwa, siku ya ndoa tunawauliza bwana na bibi arusi kama watashikamana katika afya na ugonjwa. Wanaitikia, pengine wakiwaza malaria au ajali. Nani huwaza siku ambayo mkewe atamtazama na kumwuliza, "Wewe baba, unatoka wapi?"

Katika sharika zetu za Shinyanga na Geita wapo wazee wanaoishi na swali hilo. Watoto wako kwenye maduara ya dhahabu Nyarugusu. Pesa huja kwa simu, lakini simu haimwogeshi mtu. Mume aliyezoea kuwekewa maji bafuni ndiye sasa anayemwogesha mkewe, anasonga ugali, na usiku anamfuata nje anakomtafuta mama yake aliyekufa zamani. Ndugu wanamshauri amrudishe kwao, au aoe mwingine. Jirani nao wananong'ona. Usukumani tunajua minong'ono hiyo imewafikisha wapi akina mama wazee: macho mekundu ya moshi wa kuni yalitosha kuwatia hatarini, sembuse kutangatanga usiku. Utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2013, uliwakuta na ugonjwa huu wa kupoteza kumbukumbu watu zaidi ya 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea. Ni ugonjwa wa ubongo. Si uchawi.

Je, mzee huyu bado ana mke, au amebaki muuguzi tu? Wapo wasemao kwamba ndoa ni watu wawili wanaojuana. Lakini sisi Walutheri tunabatiza watoto wachanga. Mtoto hajui hata jina lake, seuze la Mungu. Agano linasimama kwa kuwa Mungu anakumbuka. Basi kwa nini agano la ndoa life kwa sababu mmoja amesahau? Mume anakumbuka kwa niaba ya wote wawili.

Tusimfanye malaika, hata hivyo. Anachoka. Kuna siku anamfokea, na kuna siku anatamani yaishe, kisha anaiogopa tamaa hiyo. Akija ofisini tusimpe mfano wa Ayubu na kumuaga. Ahadi yake aliitoa mbele ya usharika, nasi tukapiga vigelegele. Ni mzigo wetu pia. Akina mama wakienda kumwogesha bibi Jumanne na Ijumaa, mzee atapata kulala, na wale wanaonong'ona wataona ni akina nani wanaoingia katika nyumba ile.