Nguvu Kama Hatua ya Mwisho

Mapokeo ya Kikatoliki, kutoka kwa Augustino hadi Tomaso wa Akwino, hupima vita kwa mamlaka halali, sababu ya haki na nia njema. Baadaye yaliongezwa masharti mawili: njia nyingine ziwe zimeshindikana, na madhara yasizidi uovu unaozuiwa.

Lubumbashi, wakati huo Élisabethville, iliona masharti hayo yakijaribiwa mitaani. Februari 21, 1961, Baraza la Usalama liliruhusu nguvu itumike Kongo kama hatua ya mwisho, kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mamlaka, basi, yalikuwepo. Septemba mapigano yakazuka kati ya majeshi ya Umoja wa Mataifa na Katanga iliyojitenga; Katibu Mkuu wa Umoja huo, Dag Hammarskjöld, Mlutheri, akafa karibu na Ndola akienda kuzungumza na kiongozi wa Katanga, Moïse Tshombe, Mmethodisti. Desemba bunduki zikalia tena, na madaktari raia 46 wa mji wakachapisha kijitabu kuyalaumu majeshi ya Umoja wa Mataifa kwa kushambulia hospitali na magari ya wagonjwa. Sharti la kiasi cha madhara ndilo gumu kuliko yote, maana hupimwa bomu likishaanguka.

Wamenoni, Wakristo ambao huko Kasai, Kongo, wako wengi, kwa desturi hawaingii kabisa katika mizani hiyo: amri ya kumpenda adui, kwao, haina msamaha wa vita.